Caravaggio, Zurbarán, Chardin au Cézanne: uanze na matunda ya nani?

Mwalimu wa sanaa anataka picha moja ya kufundishia mwanga na kivuli. Mwingine kahamia nyumba mpya, ukuta wa sebule u mtupu, na picha za twiga wakati wa machweo zimemchosha. Wa tatu kashika brashi juzijuzi, akaambiwa aanze na matunda, na alipotafuta mtandaoni akakutana na maelfu ya vikapu vya matufaha asijue ashike kipi. Hawa watatu hawahitaji picha moja, ila wote hujikwaa mahali pamoja: huuliza tunda lina maana gani kabla hawajaona mwanga unaingilia wapi.

Nimechukua wachoraji wanne wa Ulaya ambao matunda yao yanalinganishika vizuri, na wa tano nitampitia haraka. Kazi zao ni za aina inayoitwa vitu tuli, yaani matunda, vyombo na maua vilivyopangwa mezani vikachorwa bila mtu ndani yake. Ukiziona zimebanwa kwenye kioo cha simu utadhani zinafanana. Hazifanani hata kidogo.

Kwa nini mwanga uje kwanza

Kwenye turubai, yaani kitambaa kinachochorewa, hakuna ganda wala manyoya ya pichi. Kuna rangi tu. Kinachokufanya uhisi kwamba zabibu inateleza na pichi ina vinyweleo ni jinsi mwanga ulivyochorwa juu ya kila moja. Zabibu hupewa nukta ndogo nyeupe, kali, yenye ukingo ulio wazi, kwa sababu ganda laini hurudisha mwanga kama kioo. Pichi haipewi nukta hiyo. Mwanga wake hutawanyika, na ukingo wa tunda huwa na ukungu mwembamba. Limau liko katikati: nukta ipo, lakini imevunjikavunjika na vijishimo vya ganda. Kwa hiyo anayejifunza kusoma unamu, yaani jinsi uso wa kitu ungehisika ukiupapasa, anasoma mwanga huohuo kwa karibu zaidi.

Ishara ni habari nyingine. Hiyo haimo ndani ya tunda. Inategemea nani aliagiza picha, itundikwe wapi, na watu wa mahali hapo walizoea kuhusisha tunda na nini. Mtu wa Lamu au Unguja akiona waridi huenda akakumbuka marashi yanayonyunyizwa kwenye maulidi na harusini. Mtawa wa Sevilla, Hispania, wa karne ya 17 alimkumbuka Bikira Maria. Wote wawili hawajakosea, ila ni mmoja tu kati yao aliyekuwa akichorewa picha.

Kikapu cha Caravaggio

Kipo Milan, Italia, katika jumba la picha la Pinacoteca Ambrosiana, na kilichorwa mwishoni mwa karne ya 16, kati ya mwaka 1597 na 1600 hivi. Mmiliki wake alikuwa Kardinali Federico Borromeo, aliyeukabidhi mkusanyiko wake kwa Ambrosiana mwaka 1618. Kardinali huyo aliandika baadaye kwamba alitamani kupata kikapu kingine cha kukiweka kando ya hiki, lakini hakuna kilichokifikia kwa uzuri, basi kikaachwa peke yake. Waitaliano wa zama za lira walitembea nacho mfukoni, kwa kuwa kilichapwa kwenye noti ya lira 100,000.

Ukikitazama kwa mara ya kwanza unaona wingi: pichi, tufaha, peasi, kwinsi, tini, na vichala vya zabibu vya rangi mbalimbali. Mara ya pili unaanza kuona magonjwa. Tufaha la mbele lina matundu mawili ya funza, na ukingo wa tundu moja umeanza kuoza. Tini nyeusi zimeiva mpaka zimepasuka ubavuni. Jani kubwa la mtini lina doa la ukungu. Upande wa kulia, baadhi ya zabibu zimesinyaa kwenye kichala chao. Mtu wa kilimo anaweza kukaa hapa saa nzima akitaja maradhi ya shambani, na wapo wataalamu wa matunda waliofanya hivyo kwa dhati.

Mwanga unatoka kushoto. Fuata macho kutoka kushoto kwenda kulia uone jinsi majani yanavyopoteza rangi yake ya kijani, yakawa meusi, mpaka yale ya mwisho yanakaribia kuwa vivuli vilivyokatwa kwa mkasi. Nyuma hakuna chumba, hakuna dirisha, hakuna pazia: ni ukuta wa rangi ya manjano iliyopauka, mtupu kabisa. Utupu huo ndio unaofanya kila tundu kwenye jani lionekane. Kikapu chenyewe kimewekwa usawa wa macho na kimetokeza kidogo nje ya ukingo wa meza, kikaangusha kivuli chini yake. Unaona kama kinakujia.

Sasa ishara. Tafsiri ya kawaida ni kwamba uzuri unapita, tunda linaloiva leo kesho limeoza, na zabibu zinakumbusha divai ya ekaristi. Kwa picha iliyokuwa mikononi mwa kardinali, tafsiri hiyo ina mashiko. Hata hivyo Caravaggio hakuacha maandishi yake kuhusu sanaa. Tulicho nacho ni neno lililopokewa na Vincenzo Giustiniani, aliyekuwa akinunua kazi zake: kwamba mchoraji huyo aliona kuchora maua vizuri kunadai kazi ileile kama kuchora watu. Nikisoma hivyo, nayaona yale matundu ya funza kwanza kama ushahidi wa jicho lisilokubali kupamba, kisha ndipo kama mahubiri. Anayeanza na mahubiri huwa haoni lile tundu la pili.

Malimau, machungwa na waridi la Zurbarán

Huyu ndiye wa kumweka ubavuni mwa Caravaggio, maana karibu kila alichofanya kinapingana na kile kikapu. Francisco de Zurbarán alifanya kazi Sevilla, wateja wake wakubwa wakiwa nyumba za watawa. Picha yake ya mwaka 1633 sasa ipo Norton Simon Museum, Pasadena, California, na ndiyo picha ya vitu tuli pekee aliyoitia saini na tarehe.

Vitu vimepangwa mstari mmoja juu ya meza nyeusi iliyong'arishwa: kushoto malimau makubwa kwenye sahani ya metali, katikati tenga la machungwa lenye majani na maua ya mchungwa juu yake, kulia sahani ndogo yenye kikombe cha maji na waridi moja la rangi ya waridi hafifu. Hakuna kinachogusana na cha jirani yake. Nyuma ni weusi mtupu. Mwanga hapa nao unatoka kushoto, lakini hautambai kama kwa Caravaggio. Unapiga. Upande mmoja wa chungwa uko juani, upande wa pili umemezwa na giza, na kati yake njia ni fupi.

Tazama limau kwa karibu. Ganda lina vijishimo na vinundu, na chuchu ya mwisho wa tunda imechongoka. Manjano yake yanaanzia karibu na nyeupe, yanapita kwenye rangi ya kukolea, yanaishia kwenye kahawia ya kijani pale kivuli kinapoanza. Halafu hamia kwenye kikombe: pale mwanga unateleza bila kukwama. Mchoraji amekupa nyuso nne kwenye mstari mmoja, yaani ganda lenye vishimo, ufito uliosukwa, udongo laini, na petali la waridi, zote chini ya mwanga uleule. Kwa darasa la unamu sijaona mpangilio unaorahisisha kazi ya mwalimu kuliko huu.

Upande wa ishara, Zurbarán anampa msomaji mkono zaidi ya wote. Makundi ni matatu, na wengi huona hapo Utatu Mtakatifu. Maji safi husomwa kama usafi wa Maria, maua ya mchungwa kama ubikira, waridi kama upendo wake. Je, si kulazimisha? Si sana. Kikombe kilekile chenye waridi kwenye sahani kinapatikana peke yake katika picha nyingine ya Zurbarán iliyopo National Gallery, London, na kinatokea tena ndani ya picha yake ya kidini inayoonyesha uponyaji wa Mwenyeheri Reginald wa Orléans. Mchoraji anaporudia kitu kilekile ndani ya simulizi la muujiza, una sababu ya kukiuliza maana hata kinapokaa mezani.

Kuna jambo moja linalonifurahisha. Picha za eksirei zimeonyesha kwamba awali kulikuwa na kitu cha nne, sahani ndogo ya viazi vitamu vilivyopikwa kwa sukari, na Zurbarán akaifuta kwa rangi. Kabla ya kufuta, hii ilikuwa meza ya vitafunio. Baada ya kufuta ikawa karibu madhabahu. Ukitaka kumfundisha mtu kwamba maana inaweza kujengwa kwa kuondoa, mwonyeshe mahali vilipokuwa vile viazi.

Nikiwaweka wawili hawa bega kwa bega: Caravaggio anakupa wakati, kwa sababu kila tunda lipo kwenye hatua yake ya kuiva au kuoza, Zurbarán ameusimamisha wakati, hakuna chungwa lenye doa. Caravaggio anamfaa mtu anayependa kugundua. Zurbarán anamfaa anayependa kutulia, na anayetaka ishara zenye ushahidi nyuma yake. Kwa mwanafunzi wa kidato, ningetangulia na Caravaggio, maana hata asiyejua lolote kuhusu Ukatoliki wa Hispania ataliona tundu la funza. Zurbarán bila mwalimu huwachosha vijana haraka.

Stroberi za Chardin

Jean Siméon Chardin aliingia katika chuo cha kifalme cha sanaa mjini Paris mwaka 1728 akiwa mchoraji wa wanyama na matunda, yaani ngazi ya chini kabisa kwa hesabu za wakati ule. Picha za historia na dini ndizo zilizokaa juu. Kikapu chake cha stroberi za mwituni, cha mwaka 1761, ni kidogo, sentimita 38 kwa 46. Mwaka 2022 kiliuzwa mnadani Paris kwa zaidi ya euro milioni 24, Ufaransa ikakitangaza hazina ya taifa kisitoke nchini, na jumba la makumbusho la Louvre likachangisha fedha kwa umma mpaka likakipata mwaka 2024.

Fedha zote hizo kwa nini? Stroberi zimerundikwa kama kichuguu chekundu kwenye kikapu. Kando yake kuna glasi ya maji, maua mawili meupe ya kanesheni, pichi moja na cheri mbili. Basi. Ila ukisogea karibu, stroberi moja moja hazipo. Kuna madoa ya wekundu mwepesi na mzito, na huku na kule kiguso cha rangi iliyopauka. Ukirudi nyuma hatua mbili, matunda yanarudi. Diderot, mwandishi aliyezikagua kazi za Chardin kwenye maonyesho ya Paris, aliliandika jambo hili mwaka 1763 akizungumzia picha zake: ukikaribia kila kitu kinavurugika, ukijitenga kinaumbika upya.

Glasi ndiyo sehemu ninayoirudia. Chardin hakuchora maji. Alichora mstari wa mwanga kwenye ukingo wa glasi na rangi ya mandhari inayopita ndani yake, jicho la mtazamaji likamalizia. Mwanga wake ni laini, wa chumba cha ndani, hauna ukali wa Kihispania. Na ishara? Hapa ningekuwa mgumu. Wapo wanaotafuta damu ya Kristo kwenye wekundu wa stroberi. Picha yenyewe haiwapi pa kushikia, na Chardin hakuwa akichorea watawa. Anayetaka maana ya kufumbua atoke hapa mapema. Anayetaka kujua rangi inavyofanya kazi akae.

Matufaha ya Cézanne

Kwa Paul Cézanne mzani wote unapinduka. Kikapu chake cha matufaha, cha mwaka 1893 hivi, kipo Art Institute of Chicago. Chupa imeinama. Kikapu kimeinuliwa kwa nyuma kiasi cha kumwaga matunda. Ukingo wa meza unaingia chini ya kitambaa cheupe upande wa kushoto, na unapotokea kulia hauko kwenye mstari uleule. Biskuti zilizopangwa kwenye sahani zinaonekana kama zimetazamwa kutoka sehemu mbili kwa wakati mmoja.

Mgeni husema mchoraji hakujua kuchora. Alijua. Alikuwa akikusanya mitazamo kadhaa ya jicho linalosogea na kuiweka kwenye turubai moja. Mwanga wake hautoki dirishani kwa namna unayoweza kuionyesha kwa kidole. Tufaha linapata mviringo wake kwa kubadilika rangi, kutoka nyekundu kwenda chungwa kwenda manjano ya kijani, bila kivuli cheusi cha Zurbarán. Unamu karibu ameuacha. Tufaha, kitambaa na biskuti vyote vina uso wa aina moja, uso wa rangi iliyopigwa brashi. Ukimletea mtu anayetaka kujifunza tofauti ya ganda na kitambaa, umempotosha.

Kuhusu ishara, tufaha la bustani ya Edeni hutajwa kila mara Cézanne anapotajwa, na wapo waliosoma matufaha yake kama matamanio yaliyofichwa. Huenda. Ila mimi naona meza inayokaribia kuanguka na haianguki, na hilo linanitosha.

Kalf, kwa kifupi

Wengi huuliza kuhusu Waholanzi, wale wa limau lililomenywa ganda likaning'inia. Willem Kalf ndiye ningemtaja, hasa picha yake ya mwaka 1662 iliyopo jumba la Thyssen, Madrid: limau, bakuli la kaure ya Kichina, kikombe cha kombe la baharini, zulia la mashariki. Kwetu hii ina mlango wa karibu, kwa sababu kaure ya China ilikuwa ikifika pwani ya Waswahili karne nyingi kabla ya meli za Waholanzi kuipeleka Amsterdam kwa wingi. Aliyeyaona makaburi ya nguzo ya Kunduchi, yaliyopachikwa bakuli za kaure hiyo, anajua vyombo hivyo viliheshimiwa vipi. Kama kipato, biashara na majivuno ya bidhaa ndivyo unavyotaka kuvijadili, Kalf hana mpinzani. Kama ni tunda, yeye tunda kalifanya kijakazi wa vyombo. Simpi anayeanza.

Basi, nani achukue nini

Mwalimu achukue wawili, Caravaggio na Zurbarán, na awaonyeshe pamoja ukutani. Swali la kwanza liwe: mwanga unatoka wapi, na umejuaje? La pili: ungeshika tunda gani ukiwa umefumba macho, ukalitambua? La ishara lije kipindi kinachofuata, na mwanafunzi adaiwe ushahidi: mteja ni nani, kitu hicho kimerudiwa wapi, kuna nini kwenye picha kinachounga mkono. Asiye na ushahidi ahesabiwe amekisia. Kukisia si dhambi, mradi asikuite kujua.

Anayejifunza kuchora aanze na Zurbarán kwa kunakili limau moja tu, si picha nzima. Aweke limau halisi kando ya dirisha, afunge madirisha mengine, nyuma aweke kitambaa cheusi. Atalipata tatizo lilelile alilolipata Zurbarán, na ataligundua pale anapokosea: karibu kila mtu hufanya kivuli cha njano kuwa cheusi mno, wakati kina kijani na kahawia ndani yake. Akishaweza hilo, aende kwa Cézanne avunje sheria alizozijua. Kuanza na Cézanne kunaonekana rahisi kwa sababu mistari imepinda, na wengi huishia kupinda bila sababu.

Wa sebuleni kwanza apime ukuta. Chardin unaweza kumchapisha kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi ya A2 na ibaki nafasi ya fremu. Kwa sebule ndogo au juu ya meza ya chakula huyo ndiye ninayempendekeza, maana anavumilia kutazamwa kila siku bila kudai lolote. Cézanne, sentimita 65 kwa 80, anahitaji karatasi kubwa kuliko A1 kidogo kwa upande mfupi, na Art Institute of Chicago hutoa picha yake bure, ya ubora wa kuchapishwa. Zurbarán ana upana wa karibu sentimita 110. Ukimpunguza hadi A3 unabaki na madoa matatu ya njano kwenye giza, hivyo kama ukuta haumtoshi muache.

Na ukimchukua Zurbarán, chapisha kwenye karatasi isiyong'aa. Weusi mwingi kwenye karatasi inayong'aa hugeuka kioo: utaiona taa ya dari na sura yako kabla ya kuliona chungwa. Mwombe fundi akutolee kipande kidogo cha majaribio, hasa kona ya sahani ya malimau, ukitazame nyumbani mchana na usiku chini ya taa yako mwenyewe. Kama ukingo wa sahani umezama wote kwenye weusi, kirudishe, aangaze vivuli kidogo kwenye kompyuta kabla hajachapa kubwa.